Picha Aliyopiga Mke wa Baba Yake

Niseme ukweli mapema: kamera niliinunua kwa wivu. Wengine hununua kamera kwa sababu wanapenda ndege, au wamepata mjukuu. Mimi niliinunua kwa sababu mwanamke mmoja wa Houston alikuwa anampiga picha mwanangu, na picha zenyewe zilikuwa nzuri.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa naishi Garland, mji wa pembeni mwa Dallas, Texas, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuinua watu na kuwalaza. Mimi na baba wa binti yangu tulikuwa tumeachana miaka minne nyuma. Yeye alihamia Houston kikazi, akaoa huko dada mmoja wa Kikenya, nesi, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo inakulazimisha umsogelee ndipo umsikie. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na saba. Wakati wa shule alikaa kwangu, likizo alikwenda kwa baba yake, na likizo ile akajifunza kuteleza kwenye mawimbi kule Galveston, pwani ya karibu na Houston.

Picha ya kwanza niliiona kwenye grupu la WhatsApp la familia ya baba yake. Baada ya kuachana sikutoka kwenye lile grupu, na hakuna aliyethubutu kunitoa. Nilikuwa mapumzikoni kazini, nakula wali wa jana. Nikafungua, nikamwona mwanangu amesimama juu ya ubao, magoti ameyakunja, mikono kaitanua, wimbi la kahawia linajikunja nyuma yake, na matone ya maji yamesimama hewani kama shanga zilizokatika uzi. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa yuko kazini. Uso ule, mimi niliyemzaa, nilikuwa sijawahi kuuona.

Mashangazi wakamwaga mioyo na makofi. "Mashallah! Nani kapiga?" Baba yake akajibu neno moja tu: "Wife."

Wali ulinikwama. Nilihisi kile ambacho kwetu Tanga tunakiita kijiba cha roho, kitu kinachokaa hapa juu ya kifua, hakipandi wala hakishuki. Picha zote za mtoto huyu ni mimi niliyezipiga, tangu jino la kwanza hadi sikukuu zote za Idi, kwa simu, kwa mikono hii. Leo mtu aliyemkuta mtoto ameshaota meno ya akili ndiye anayenionyesha mwanangu anafananaje.

Binti yangu aliporudi Agosti nilichungulia simu yake. Najua haifai. Namba ya yule mwanamke alikuwa ameiandika "Mama Mdogo".

"Mama mdogo ni mdogo wangu mimi, yuko Tanga," nikamwambia. "Huyu ni mke wa baba yako."

"Mom, it's just a name."

"Si jina. Kafute."

Akafuta. Akaandika herufi mbili tu ambazo sikuuliza maana yake.

Sasa, kwetu mtoto akimaliza high school hapewi mkono tu. Kamati inakaa, ukumbi unatafutwa, pilau linapikwa, na nyuma ya meza kuu linatundikwa bango lenye picha yake, kubwa kuliko mlango. Watu wanapanga foleni kupiga picha mbele ya picha. Mahafali ya binti yangu yangekuwa Mei mwaka unaofuata, na yeye alikuwa ameshasema kwamba bangoni hataki joho wala gauni. Anataka picha ya baharini. Baba yake akasema hakuna shida, picha za baharini anazo tele.

Nilisikia neno "tele" usiku na mchana. Nikaapa kwamba picha ya bangoni nitaipiga mimi.

Nikanunua kamera iliyotumika na lenzi yake ndefu, na wiki ya pili ya Septemba nikaendesha gari kwa saa tano kutoka Garland hadi Galveston, binti yangu pembeni, baba yake na mkewe wakitusubiri huko, nimezungusha kiyoyozi mpaka mwisho. Nikashuka, nikaelekeza lenzi baharini, nikaona maziwa matupu. Nilifuta, ikarudi. Nilidhani nimeuziwa mbovu, nikaanza kumlaani muuzaji kwa jina la mama yake. Kumbe kioo kilikuwa baridi kutoka garini na hewa ya pale ni ya kukamua kama taulo, kwa hiyo lenzi ilikuwa inatoka jasho. Ukungu ulipokwisha, mwanangu alikuwa ameshateleza mawimbi sita.

Yaliyobaki nikayapiga. Nilipata mgongo wake. Nilipata nukta nyeusi ambayo nikikuambia ni mtu itabidi uniamini. Nilipata bahari imelala upande kama chai kwenye sahani iliyoinamishwa. Muda wote huo mke wa baba yake alikuwa amesimama kule mbele, juu ya kikuta cha mawe kilichoingia baharini, jua mgongoni mwake, ametulia. Baada ya muda alinijia.

"Dada, hapo jua liko mbele yako. Kuja huku kwa mawe, utamwona poa."

"Naona vizuri tu," nikamjibu, huku machozi ya jua yananichuruzika.

Hakubisha. Alirudi kwenye mawe yake. Hilo nalo liliniudhi, kwamba hakubisha.

Nilirudi Dallas nikamtafuta fundi. Palikuwa na kaka mmoja Mrundi anayekaa Vickery Meadow, kwenye zile ghorofa za wakimbizi. Siku za wiki alifunga maboksi kwenye ghala, Jumamosi alipiga picha za harusi na ubatizo za nusu ya Waafrika wa mji. Alikulia kambini Kigoma, Kiswahili chake kilinifanya nijisikie nyumbani. Alipekua picha zangu mia mbili, kisha akanirudishia kamera.

"Dada, wewe unapiga maji. Mtu yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

"Huyu amekwisha pita. Wewe unafyatua ukishamwona. Ukishamwona umechelewa." Akanieleza kama anavyofanya harusini: bi harusi hajaingia bado, yeye keshaielekeza kamera mlangoni. Nimfuate mtoto tangu amelala kifudifudi juu ya ubao, kabla hajasimama, lenzi itembee naye, na kidole kifyatue mfululizo. Kasi ya kufyatua iwe sehemu moja ya elfu ya sekunde, la sivyo matone yatakuwa michirizi. Mbele ya mtu niache nafasi, aonekane anakwenda mahali. Na niiname. "Wimbi ukilipiga umesimama, linakuwa kama tuta la barabarani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na uso?"

"Uso ndiyo picha, dada. Macho yasipoonekana, umepiga nguo."

Garland hakuna bahari. Nilifanya mazoezi kwenye maegesho ya magari ya Vickery Meadow, Jumapili watu wakitoka misa, watoto wakikimbizana kwa baiskeli na vile vibao vya magurudumu. Nilipiga magoti kwenye lami na gauni langu, mama mtu mzima, namfuata mtoto wa watu kwa lenzi. Wanawake wa Kirundi walinicheka wazi. Mmoja aliniuliza kama nimepoteza hereni. Lakini ilipofika Desemba nilikuwa naweza kumshika mtoto wa baiskeli na tone la jasho puani. Usiku nilifungua picha za yule mwanamke kwenye simu, nikizikuza, nikitafuta kasoro. Nilizipata chache. Moja kidole cha mguu kilikatwa. Niliifurahia ile kwa wiki nzima.

Mwezi Machi 2019 upepo wa baridi ulishuka kutoka kaskazini. Binti yangu alisema upepo ule ukishapita bahari inasafika na mawimbi yanakuwa na umbo. Tukaondoka Ijumaa. Alfajiri ya Jumamosi tulikuwa mchangani, na baba yake na mkewe walikuwa wameshafika. Kamera yangu nilikuwa nimeilaza kwenye buti ili isipate kiyoyozi. Nililala kifudifudi kwenye mchanga wa baridi, khanga chini ya viwiko, jua nyuma yangu. Mke wa baba yake alisimama kwenye mawe kama kawaida yake, mkono wa kulia.

Nakwambia nilipiga. Nilimshika anainuka, nilimshika anakata wimbi, nilipata matone moja moja kama yale yaliyonikwamisha wali. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha nikazitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, moja baada ya nyingine. Katika kila picha, mwanangu alikuwa ametazama kulia. Kila picha. Shavu, sikio, na macho yanakwenda kulia, kwenye mawe, kwa yule mwanamke.

Leo najua kwamba mtu anayeteleza hutazama anakokwenda, na mawimbi ya asubuhi ile yalikuwa yanakwenda kulia. Hata mtoto mdogo angejua. Lakini wivu haujui upepo wala wimbi. Mimi niliona binti yangu anampa yule mwanamke macho yake na kuniachia mimi sikio.

Likaja wimbi kubwa kuliko yote ya siku ile. Akalala juu ya ubao, akapiga makasia kwa mikono, nikaanza kumfuata. Akasimama. Lilikuwa wimbi zuri, refu, la kijani kwa mara ya kwanza. Akaanza kugeuza uso kulia. Na mimi nikafanya kile ambacho kila mpiga picha wa kwetu hukifanya ukumbini bi harusi anapotazama pembeni, nikamwita. Niliinua kichwa na kumwita jina lake lote, pamoja na la babu yake, kwa sauti ya kumwita mtoto aje ale.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mama yangu alitulea kwamba ukiitwa unaitika. Mtoto wa kike anasema "abee", na anasema kabla hajageuka, hata kama yuko chooni, hata kama ana homa. Ukiitwa mara ya pili, ya tatu inakuja na mwiko wa ugali. Mimi nami nilimlea wangu hivyo hivyo, humu humu Texas. Mengine alinijibu kwa Kiingereza, lakini jina lake likiitwa, anayeitika ni mtoto wa Tanga. Shuleni walimu walifikiri "abee" ni jina la rafiki yake.

Nilimwita, naye akageuka. Kichwa kizima, na kifua. Nikasikia, juu ya kelele za maji, "Abee!" Kisha wimbi likamchukua.

Ubao uliruka juu kama mlango uliong'olewa, ukashuka pale pale alipozama. Mimi nimekulia kilomita moja kutoka baharini na sijui kuogelea, kwetu wasichana hawakuruhusiwa. Niliingia na gauni na kamera shingoni, maji yakanifika kifuani, nikawa napiga kelele tu. Mke wa baba yake alinipita ubavuni kama samaki. Kamera yake alikuwa ameiacha juu ya mawe. Alimtoa mwanangu amemshika kwapani, damu inamtiririka kutoka juu ya jicho hadi kidevuni.

Mchangani alimkandamiza taulo kwenye nyusi, akamwuliza siku, akamwuliza mwezi, akamtazama mboni za macho. Yote kwa ile sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto kwa sababu ndio uliobaki.

"Mom," binti yangu akasema, anatetemeka, anacheka na kulia pamoja. "Kwa nini uliniita?"

"Si ungenyamaza!"

"Ninyamaze? You'd kill me!"

Baba yake alitembea hatua tatu pembeni. Alitaka kunigombeza, nikamwona anavyomeza maneno. Ningependa angenigombeza.

Zilishonwa nyuzi saba. Kwenye kituo cha dharura tuliwekwa sisi wawili, mimi na yule mwanamke, kwenye viti vya plastiki, maji ya chumvi yakichuruzika sakafuni. Baba yake alikuwa ndani na mtoto. Kamera yangu ilikuwa mapajani, imekufa, ikitoa maji kila nikiinamisha. Kadi ya picha ilipona. Nilikuja kuifungua nyumbani: picha ya mwisho kabla sijainua kichwa kumwita ilikuwa wimbi la kijani na mkono wake mmoja. Fundi angesema nimepiga maji.

Yule mwanamke akawasha kamera yake, akatazama kitambo, kisha akanisogezea.

Kamera yake ilikuwa inafyatua wakati mimi naita. Wimbi lile lilikuwa lote ndani, kutoka mguu hadi shungi. Mwanangu yuko katikati, ubao umeshaanza kumponyoka, lakini yeye hajui, kwa sababu hayupo tena kwenye ubao. Ameugeuza uso wote kuelekea ufukweni. Mdomo uko wazi kwenye "bee". Na macho yake, sijui niyasemeje. Yalikuwa macho ya miaka miwili, ya mtoto anayetokea uvunguni mwa meza kwa sababu mama kamwita. Nilikuwa nadhani yale macho yamekwisha. Kumbe yapo, na hutoka nikimwita, na mimi nilikuwa nimebana jicho kwenye tundu la kamera, nikisubiri picha.

"Huwa haniangaliangi hivi," yule mwanamke akasema. "Almost a year nampiga picha. Hata siku moja."

Akanitazama.

"Dada, ni-delete ama nikutumie?"

Mtu mwenye roho safi angelia pale, wangekumbatiana. Mimi roho yangu ilikuwa imeloa maji ya chumvi na ilikuwa inawasha. Hata hicho, nikawaza. Hata macho ya mwanangu anayonitazama mimi, ni wewe uliyeyaona.

"Futa," nikasema.

Akabonyeza kitu. Akaizima kamera, akaiweka begani.

Mei tukakutana ukumbini DeSoto, kusini mwa Dallas. Bango lilikuwa limeletwa na baba yake, limekunjwa, na kamati walipolikunjua nyuma ya meza kuu, picha ilikuwa ile. Hakuifuta. Baadaye binti yangu aliniambia kwamba yeye ndiye aliyeiomba, na ndiye aliyeichagua, na kwamba Houston waliogopa kuniambia. Ilikuwa ya futi nane kwenda juu. Mwanangu alikuwa anatuitikia watu wote mle ndani.

Watu walijua kwamba mwaka mzima nimekuwa nikipiga magoti kwenye lami na kamera. Kwa hiyo walikuja kwangu, mmoja mmoja, mikono miwili imenyooshwa. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo anayeongoza kila shughuli yetu, alisema kwa kipaza sauti, "Jamani, hii picha kapiga mama mtu! Mtoto hamtazami mtu hivi isipokuwa mama yake!"

Vigelegele vikapigwa. Mke wa baba yake alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anapakua pilau, mwiko mkononi. Alisikia vizuri sana. Nilimtazama, akanitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha. Sentensi ilikuwa fupi.

"Asanteni," nikasema.

Akainama, akaendelea kupakua. Hakubisha.

Baada ya shughuli nilimwomba baba yake anitengenezee nakala ndogo, nikaitundika sebuleni Garland. Kila aliyeingia aliniuliza, "Umeipigaje hii?" nami nilieleza kuhusu jua mgongoni na sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila neno la kweli, na lote uongo. Kadiri walivyonisifu ndivyo nilivyozidi kumwonea wivu yule mwanamke. Nilikuwa nimemwibia kitu na bado ni chake.

Mwaka 2020 chuo kikafungwa kwa sababu ya korona, binti yangu akarudi kwangu na masanduku yake, kovu dogo juu ya jicho. Wageni wakakoma kuja. Miezi ikapita bila mtu wa kuniuliza, nikabaki mimi na ile picha tunatazamana. Jioni moja mama yangu alinipigia kutoka Tanga kwa video. Macho yake yameanza kufifia, akawa anasogeza simu mbele na nyuma.

"Huyo nyuma yako ukutani si mjukuu wangu?"

"Ndiye."

Alitazama kwa muda mrefu, pua imejaa kioo kizima. "Anaitika," akasema.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona hilo. "Ndiyo, mama. Anaitika."

"Anamwitikia nani?"

"Mimi."

"Nimekulea vizuri," akasema, akajicheka. "Na aliyempiga picha ni nani?"

Jikoni binti yangu alikuwa anaosha vyombo, maji yanamwagika kwa kelele. Kijiba kilikuwa pale pale kilipokuwa siku zote, juu ya kifua.

"Mama yake mdogo," nikasema. "Yule wa Houston."

Kule jikoni maji yakafungwa.